Wastani Ukishuka Chini ya Nne

Kwa muda wa miaka mitatu niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu chote, kwamba katika ofisi yetu kuu mjini Embu kulikuwa na kompyuta iliyokuwa ikifuta watu. Ukiwa karani wa kituo cha maziwa, na wateja wako wakupe alama ambazo wastani wake umeshuka chini ya nne, kompyuta hiyo yenyewe inakuondoa kwenye orodha ya wafanyakazi, bila mkono wa binadamu, na kufikia adhuhuri hata mlinzi wa lango hakujui. Niliyaamini hayo jinsi ninavyoamini kwamba Mlima Kenya uko mahali pake. Kuna asubuhi za ukungu ambapo niliuamini mlima kidogo kuliko nilivyoiamini hiyo kompyuta.

Habari hizo nililetewa na dereva wa lori letu la maziwa, mtu mnene wa sauti ya kunong'ona. Ilikuwa siku yangu ya pili kazini. Alikuwa ameegemea mlango wa lori mitungi ikipakiwa.

"Karani, umesikia ya yule jamaa wa upande wa Mitunguu?"

"Sijasikia."

"Wateja walimpa tatu nukta tisa. Si tatu. Tatu nukta tisa. Akafika Jumatatu akakuta kufuli mpya kwa mlango."

"Nani aliibadilisha?"

Akaangalia huku na huku, kana kwamba ng'ombe wa jirani wangemsikia. "Sasa hiyo ndiyo shida. Hakuna mtu aliibadilisha."

Niende wapi na neno kama hilo? Kazi yenyewe nilikuwa nimeitafuta kwa muda ambao mtu mwingine angejenga ghorofa. Nilikuwa nimesoma shule ya jioni mjini Meru miaka miwili, nikitoka shambani na matope hadi magotini, nikijikunja katika dawati ambalo mchana lilikaliwa na watoto wa darasa la tatu, ndipo nikapata cheti cha takwimu za biashara. Kwa hesabu yangu mwenyewe, kati ya Kianjai na mpaka wa Ethiopia hakukuwa na mtu mwingine aliyeweza kutafuta mkengeuko sanifu kwa kalamu na karatasi, yaani kujua alama zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani wake. Mama yangu alikitia cheti hicho kwenye fremu iliyokuwa na picha ya arusi yake. Picha ya arusi ikaenda droo. Sasa mtu mwenye cheti kama hicho afutwe na mashine kwa sababu ya nukta moja?

Kituo chetu kilikuwa kando ya barabara, nje kidogo ya soko la Kianjai: chumba cha mabati, mizani, meza, benchi la wanaongoja, na laktomita yangu ya kupimia kama maziwa yametiwa maji. Wakulima walileta maziwa asubuhi, mimi nikapima, nikaandika, nikakataa yaliyoharibika, kisha tukangoja lori la kutoka Embu. Kila baada ya miezi mitatu ofisi ilituma bahasha yenye fomu arobaini. Kila fomu ilikuwa na maswali sita, na kila swali lilijibiwa kwa alama, moja hadi tano. Moja ilikuwa vibaya sana, tano vizuri sana. Swali la sita ndilo lililonikosesha usingizi: Kwa jumla, umeridhika kiasi gani na huduma zetu? Hilo ndilo lililotafutiwa wastani. Chini kabisa kulikuwa na mstari wa namba ya simu, kwa anayetaka kuiandika.

Fomu iliwaita wakulima wateja. Wao ndio walikuwa wakituuzia maziwa, na bado sisi tuliwaita wateja. Nilijaribu kumweleza mzee mmoja kwamba anatumia huduma ya kupimiwa na kusafirishiwa, kwa hivyo ni mteja. Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama na ng'ombe wake pia ni mteja. Nikaacha.

Mara ya kwanza nilitumia njia iliyoonekana ya kiungwana, yaani kuuliza. Nilisimama kando ya mizani na fomu mkononi.

"Mzee, huduma yetu unaipa ngapi? Moja ni vibaya sana, tano ni vizuri sana."

"Lori lilifika saa ngapi jana?"

"Saa nne na nusu."

"Na maziwa yangu ya leo umeyapima?"

"Bado, mzee. Nimalize hii fomu kwanza."

"Basi andika tano."

Wa nyuma yake akasema tano. Wa nyuma ya huyo, mama mwenye mtungi mgongoni, akaniuliza, "Ni gani itakusaidia, kijana wangu?" Nikamwambia aseme ya moyoni. Akasema moyoni mwake anataka nisaidike. Tano. Nani angenitukana usoni na mimi ndiye nimeshika laktomita? Na huku kwetu, hata bila laktomita, mgeni akikaribishwa uji ulioungua husema ameshiba na ulikuwa mtamu. Watu arobaini, tano arobaini. Wastani tano kamili, mkengeuko sifuri. Alama zote zimelala mahali pamoja kama mbuzi kwenye mvua.

Nilizituma kwa fahari. Nilidhani kompyuta ingenipandisha cheo. Zilirudi baada ya wiki mbili, juu yake maandishi ya kalamu nyekundu: "Rudia. Hakuna mahali watu wameridhika hivi."

"Ilikataa kumeza," dereva akaninong'onezea aliponikabidhi bahasha. "Ikikataa mara mbili, hiyo ni kama tatu nukta tisa."

Nilikasirika kiasi kwamba siku hiyo nilirudia kupima mtungi mmoja mara tatu. Ukipata chini unafutwa, ukipata juu unashukiwa. Nilianza kuona kwamba nilitakiwa kuwatafutia furaha ya ukubwa maalumu, kama mtu anayetafuta kiatu.

Lakini nilikuwa nimesoma. Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha kwamba anayeulizwa akimwogopa anayeuliza, jibu ni la woga, si lake. Dawa ni siri. Basi nikabuni njia ambayo hadi leo naamini ingeshangaza chuo kikuu chochote, kama si Oktoba.

Nilichukua mikebe sita ya mafuta ya kupikia, mmoja kwa kila swali. Kwenye mkebe wa lori nikachora lori, kwenye wa mizani mizani, na kwenye ule wa sita nikachora uso unaocheka. Nikaitundika nyuma ya pazia la gunia. Kila mkulima angepewa mbegu thelathini, tano kwa kila mkebe. Akiridhika sana adondoshe zote tano, akikasirika adondoshe moja. Zinazobaki aziache kwenye karai mlangoni akitoka. Hakuna karani wa kumtazama. Mahindi niliyakataa kwa sababu ya kuku wa jirani waliokuwa wakiingia kituoni kama wenye hisa. Nikatumia njahi, maharage ya huku kwetu. Shangazi yangu wa Mitunguu alikuwa amenipa kikapu, nyeusi tititi, zimeng'aa, kila moja na ule mstari wake mweupe umenyooka kama umechorwa kwa rula.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyezipokea kwa mikono miwili, akazigeuzageuza.

"Karani, hizi umezitoa wapi?"

"Kwa shangazi, Mitunguu. Tafadhali ingia, uanze na mkebe wa lori."

"Zinazaa haraka?"

"Mama, hii ni ya kupima huduma."

"Nimeelewa ni ya kupima huduma. Nauliza kama zinazaa haraka."

"Zinazaa."

"Na wadudu?"

"Mama, ingia."

Akaingia. Akatoka haraka, akanishukuru kwa moyo, akaenda. Foleni ikakua. Nilifurahi sana kuiona, sikujiuliza kitu. Kufikia saa tatu ilikuwa imepita duka la mbolea. Walikuja watu ambao hawakuwa wameleta maziwa tangu mwaka uliotangulia. Alikuja mtu asiye na ng'ombe. Nilijiambia kwamba hatimaye watu wetu wa Tigania wamepata njia ya kusema.

Nilipofunua pazia, karai la mlangoni lilikuwa na njahi saba na kifungo cha shati. Mikebe ilikuwa karibu mitupu. Kila mtu alikuwa amedondosha moja moja, na nilikuja kuelewa kwamba hata hiyo moja ilikuwa ya heshima, ili mikebe isikae tupu nikaona aibu. Nilipiga hesabu mara nne. Wastani wa kuridhika ulikuwa moja na chembe.

"Sasa ulidhani nini?" aliniambia mwenye duka la mbolea, ambaye naye nilimwona kwenye foleni. "Mvua ni wiki ijayo. Unampa mtu mbegu safi ya njahi, halafu unamwambia aitupe kwa mkebe?"

"Ilikuwa alama."

"Ilikuwa mbegu, karani."

Kufikia Desemba, ukitembea kutoka kituoni hadi mtoni, matokeo ya utafiti wangu yalikuwa yamepanda juu ya kila ua, yakichanua zambarau. Shangazi aliniuliza kikapu chake kiko wapi. Sijamjibu hadi leo.

Baada ya hapo nilirudi kwenye karatasi, lakini za siri. Nikapata kisanduku chenye kufuli, nikawapa watu fomu waende nazo nyumbani, wajaze bila jina, wadondoshe wakipita. Na hii, nasema bila kutia chumvi, ilifanya kazi. Alama zilirudi zimetawanyika vizuri. Kulikuwa na waliojibu tatu kwa kila swali, ili wasigombane na mtu. Kulikuwa na mmoja aliyeandika moja kila mahali kisha chini akaandika "Mungu awabariki, endeleeni hivyo hivyo." Ilinichukua siku mbili kumwelewa. Shuleni anayekuwa namba moja ndiye ameshinda, na yeye alikuwa ametupa ushindi. Lakini nyingi za moja na mbili zilikuwa moja na mbili za kweli. Zilieleza wazi: lori linafika saa nne, wakati mwingine saa tano, na maziwa ya jioni yaliyolala nyumbani yanakuwa yameanza kuharibika, na karani anayakataa.

Hiyo ilikuwa kweli. Mimi mwenyewe ndiye niliyeyakataa. Nilitia spiriti kidogo kwenye maziwa, yakiganda, basi. Mtu ametembea kilomita tatu na lita nane, anarudi nazo.

Wastani wa swali la sita: tatu na kidogo.

Nilikaa na kalkuleta yangu kwenye benchi la wanaongoja. Nilikuwa nimehangaika miezi sita kuupata ukweli, na sasa umefika, sina mahali pa kuuweka. Nikiipelekea kompyuta tatu na kidogo, Jumatatu kufuli. Nikaona fremu ya mama ikirudishiwa picha ya arusi.

Ndipo nikamkumbuka mwalimu wa jioni. Alitufundisha kwamba alama iliyokaa mbali sana na nyingine inafaa kuchunguzwa, huenda ni kosa la mwandishi, na ikithibitika ni kosa, iondolewe. Nilikumbuka mwanzo na mwisho wa sentensi hiyo. Ya katikati ilinipotea. Nikajiambia: yule wa Mungu awabariki aliandika moja akimaanisha tano. Sasa nani ajuaye moja za wengine zinamaanisha nini? Ikiwa moja ya mtu mmoja si moja, basi moja zote ni za kutiliwa shaka, na mbili ni ndugu zao. Nikazitoa zote, nikazibana kwa stepla, nikaziweka chini ya magunia. Nikajaza nafasi zao na nakala nilizopiga za fomu za watu wa tano. Wastani ukapanda hadi nne nukta mbili. Mkengeuko mdogo lakini si sifuri. Hata kalkuleta ilionekana kupumua.

Bahasha hiyo haikurudi.

Basi nikafanya hivyo kila miezi mitatu, mara tisa. Isichukuliwe kwamba nilistarehe. Nilikuwa na hasira ya kila siku, hasira na fomu, na lori, na wakulima ambao hawangeweza kudanganya kidogo tu kwa faida yangu, na namba nne yenyewe, ambayo nilianza kuichukia hata ikiwa kwenye kalenda. Mke wangu alipozaa mtoto wa nne, jirani alisema nilionekana kama mtu aliyepona kwa chupuchupu.

Kati ya fomu za chini ya magunia kulikuwa na moja niliyoifahamu kila mara. Moja yake ilikuwa na kofia juu na mguu chini, kama iliyopigwa chapa, na kwenye mstari wa namba ya simu kulikuwa na namba iliyoandikwa kwa wino wa bluu, safi, kila tarakimu imesimama. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu darasa la tano. Alikuwa na ng'ombe wawili na mkongojo, na hakuwahi kuchelewa kituoni hata siku ya matope. Mara tisa aliandika moja. Mara tisa niliitoa. Na mara kwa mara, akingoja zamu yake ya mizani, aliniuliza kwa utaratibu, "Zile fomu zilifika Embu?" Nikamjibu, "Zilifika, mwalimu." Zilikuwa futi sita kutoka alipokaa.

Ofisi ilitaka matokeo yabandikwe ukutani. Mara ile ya tisa nilibandika nne nukta mbili, kama kawaida. Kesho yake, Jumatatu, mwalimu alisimama mbele ya ile karatasi muda mrefu, akijishikiza na mkongojo. Watu walikuwa wameshaondoka. Mtungi wake ulikuwa umejaa maana nilikuwa nimeyakataa ya jioni tena.

"Karani."

"Mwalimu."

"Hii nne nukta mbili ni ya wapi?"

"Ni ya hapa, mwalimu."

"Hapa wapi?"

Nikaanza kufuta mizani iliyokuwa safi tayari. Akafungua mkoba wake, akatoa daftari la mraba, lile la watoto.

"Nimetembea Jumapili mbili baada ya kanisa. Nimewauliza watu thelathini na wanane kati ya wale arobaini uliowapa fomu. Wawili wako Nairobi. Kila mmoja ameniambia alichoandika swali la sita. Hakuna aliyenificha, mimi sipimi maziwa ya mtu." Akageuza ukurasa. "Nimepata mbili nukta sita. Nimerudia mara tatu. Hata hao wawili wa Nairobi wangetoa tano tano, haifiki tatu. Sasa nionyeshe yako. Onyesha njia, si jibu pekee."

Miaka thelathini ilikuwa imepita, na bado mikono yangu ilikwenda nyuma ya mgongo.

Nikamwambia. Nilimweleza yote, kompyuta, jamaa wa Mitunguu, tatu nukta tisa, kufuli.

"Kompyuta inayobadilisha kufuli," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na wewe umesomea takwimu."

"Jioni, mwalimu."

"Hata jioni."

Akakaa kwenye benchi. Sikujua kama angecheka au angenichapa kwa ule mkongojo, na kusema kweli ningependelea kuchapwa.

"Mimi sitaki ufutwe," akasema mwishowe. "Una watoto wanne. Lakini tangu Januari nimemwagia nguruwe maziwa ya jioni siku nyingi kuliko nilizouza. Nimekuwa nikiandika moja, nikaweka na simu yangu, nikidhani kuna mtu anasoma na ameamua kunyamaza. Hilo ndilo limeniudhi. Si lori. Nilidhani wamesoma." Akanyoosha mkongojo kuelekea magunia. Sikuwa nimemwambia ziko wapi. "Toa."

Nilizitoa. Mafungu tisa, kila moja na stepla yake. Sikuwa nimechoma hata karatasi moja. Nilijiambia ni uaminifu wa taaluma, ingawa nadhani ni kwamba niliogopa moshi.

"Utazipeleka mwenyewe," akasema. "Ukimpa dereva zitakaa barabarani kama yeye."

Siku iliyofuata nilimwomba mke wangu ashike mizani. Kabla ya kuondoka nilichukua kikombe changu kutoka kituoni, na kiti changu kidogo, na kalenda, nikavipeleka nyumbani, maana sikutaka vifungiwe ndani na kufuli ambayo hakuna aliyeibadilisha. Nilimuaga kila mtu niliyekutana naye. Mwenye duka la mbolea nilimuaga kwa kumshika mikono yote miwili, akaniuliza kama ninahamia Ulaya.

Nilifika Embu kabla ya saa tano. Katika akili yangu ofisi hiyo ilikuwa na milango ya kioo, baridi ya mashine, na kompyuta ya ukubwa wa ng'ombe wa kizungu ikinguruma peke yake. Nilipanda ngazi za mbao juu ya duka la dawa za mifugo, nikagonga, nikaingia chumba chenye meza mbili. Moja ilikuwa tupu. Kwenye nyingine alikaa mwanamke wa umri wangu aliyevaa sweta ya kijani, akila nduma kwa chai. Kando yake kulikuwa na laptopu iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, kama redio ya bibi. Kalamu yake ilikuwa nyekundu.

"Karibu, ndugu. Unatoka wapi?"

"Kianjai, madam. Mimi ndiye karani."

"Kianjai ya nne nukta mbili?" Akafurahi. "Nyinyi hamna shida kabisa. Keti. Utakunywa chai?"

Sikuketi. Niliweka mafungu tisa mezani kwake, pamoja na karatasi ambayo mwalimu alikuwa amenisaidia kupigia hesabu upya, miezi mitatu kwa miezi mitatu, wastani wa kweli na fomu zote ndani. Hakuna hata mmoja uliofika tatu na nusu. Nikamwambia nilivyofanya. Nikamwambia niko tayari, na kama kuna karatasi ya kutia sahihi kabla mashine haijafanya kazi yake, anipe nitie.

Alikuwa ameshatoa stepla ya fungu la kwanza kwa ukucha. Hakuitazama karatasi ya wastani. Aliisukuma pembeni, akaanza kuzisoma fomu moja moja, akizipanga: zenye namba ya simu huku, zisizo na namba kule. Alisoma muda mrefu. Chai yake ikatengeneza utando. Kila mara alipoikuta tena namba ile ile ya wino wa bluu aliiweka fomu hiyo juu ya mwenzake, hadi zikawa tisa.

"Mashine gani?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Ile inayofuta makarani. Wastani ukishuka chini ya nne."

Hapo akainua kichwa.

"Nani alikuambia hivyo?"

"Dereva."

"Dereva huyu wa saa nne na nusu, anayeandikwa kwa hizi fomu zote?"

"Huyo."

Alinitazama, kisha akatazama zile fomu, kisha akanitazama tena. Hakucheka, na ninamshukuru kwa hilo. Akachukua simu yake, akaweka fungu la wino wa bluu mbele yake ili asome namba vizuri.

"Ndugu yangu, hakuna kompyuta inayofuta mtu," akasema. "Hesabu nazifanya mimi, kwa hii laptopu, na hakuna karani aliyewahi kutolewa kwa ajili ya wastani. Huo wastani hata siuangalii sana. Naangalia ni wangapi wametoa moja na mbili, kisha nawapigia simu walioandika namba, nawauliza kuna shida gani. Kianjai sijawahi kupiga kwa sababu hamkuwahi kuniletea hata mmoja."